Jambia la Mgeni wa Busunzu

Mjini Kasulu, mwaka ule wa 2014, ukitaka kujua kama jambia la kijeshi ni halisi au unaingizwa mjini, ulikuwa unakwenda kwa Swaumu. Wanaume wengi hawakulipenda hilo. Walifika dukani kwake, nyuma ya stendi, ambako aliuza misumari, makufuli na vyuma vya mtumba, wakaulizia mwenye duka. Akisema ni yeye, walichungulia nyuma ya pazia kumtafuta mwanamume. Mwanamume hakuwepo, na kutokuwepo kwake ndiko kulikokuwa kunamla Swaumu siku hadi siku.

Mume wake, Dadi, alitoka nyumbani asubuhi moja ya Machi mwaka 2012, kwa pikipiki, akielekea Kibondo kumwonyesha mnunuzi jambia. Hakufika. Pikipiki ilikutwa kando ya barabara karibu na Busunzu, imesimama kwa stendi yake, ufunguo umo, kofia ngumu imetundikwa kwenye kioo. Walioikuta walisema injini ilikuwa bado ya moto, na ukungu ulikuwa mzito hata mtu hauoni mkono wake mwenyewe. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na alama ya mtu kuburuzwa, wala nyayo za kwenda popote. Polisi waliandika maelezo, ndugu walitafuta porini wiki tatu, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Mtu aliyefiwa ana lake la kufanya. Analia, anaketi mkekani na watu, anakaa eda miezi minne na siku kumi, halafu anajikongoja kuanza upya. Swaumu hakuwa hata na hilo, kwa sababu hakujua kama yeye ni mke au ni mjane. Posa mbili zilikuja akazirudisha. Sheikh alimwambia kwa upole kwamba bila ushahidi wa kifo, na bila talaka, yeye ni mke wa mtu, avute subira. Akavuta. Sokoni walisema Dadi kaoa Burundi, anakula maisha. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mlangoni ilimsimamisha. Alikuwa akiomba jambo moja tu, aambiwe yuko hai au amekufa, basi.

Sasa tusimsafishe Dadi. Alikuwa mume mwema, lakini kwenye biashara alikuwa tapeli wa kiasi chake. Nchi hii ya juu ilipitiwa na askari wa Mjerumani, na baada yao wa Mbelgiji, wakati wa ile vita ya kwanza, na vitu vyao vilibaki kwenye mapaa ya watu: vifungo, singe, majambia. Wazungu wanaokusanya vitu hivyo hulipa vizuri. Dadi aliuza vya kweli alipovipata. Alipovikosa, alimpelekea mhunzi mmoja wa Muyama springi ya lori, akatengenezewa bapa, kisha akalizeesha mwenyewe uani kwa maji ya betri, mkojo wa ng'ombe na mwezi mzima ndani ya maganda ya ndizi.

Kwa kuwa aliyajua ya bandia kwa kuyatengeneza, alimfundisha mkewe kuyakamata. Usianze na bapa, alisema, maana kila mpumbavu huanza na bapa. Anza na ala, kwa sababu tapeli humaliza nguvu zake kwenye chuma, akifika kwenye ala amechoka. Nusa kutu: ya maji ya betri inachoma pua, na ukiigusa inakuachia wekundu kidoleni, lakini kutu ya miaka ni nyeusi na imeshika. Tazama palipolika. Kitu cha bandia kimesuguliwa kila mahali sawasawa, ila kitu kilichotumiwa kimelika pale tu mkono wa mwenyewe ulipokuwa ukikaa. Na muuzaji akianza hadithi ndefu ya babu yake, ziba masikio, unanunua jambia hununui babu.

Dadi alikuwa na hofu moja: kuja kuuziwa siku moja kitu alichokitengeneza mwenyewe. Kwa hiyo kila jambia lake alilitia alama mahali ambapo hakuna mnunuzi anayefika. Alifungua mpini, akapiga tupa mara tatu kwenye chuma kilichojificha chini ya mbao, halafu akaweka kipande cha vocha ya simu iliyokwisha kukwanguliwa, ili mbao zisicheze. Swaumu alimcheka sana kwa zile vocha. Hata mhunzi hakuwa na habari nazo. Walijua wawili tu.

Mwezi wa Oktoba, Shamsi alifika kutoka Tanga. Huyu alikuwa binamu yake Dadi, mnunuzi wa vitu vya kale kwa niaba ya watu wa ng'ambo, mwanamume mcheshi, mwenye simu mbili na kiatu kisichopenda vumbi.

"Shemeji, kuna mzee Busunzu ana jambia," alisema kabla hata ya kumaliza chai. "Wameenda wanunuzi wanne. Anawaacha walishike, anawatazama, halafu anawaambia haliuzwi, nendeni. Mimi nitakuwa wa tano, lakini siendi bila macho yako."

Kwa siku nyingine Swaumu angeuliza ni jambia la namna gani. Siku hiyo alisikia Busunzu tu. Alifunga duka, akachukua bisibisi yake ndogo na chupa ya mafuta ya cherehani, akapanda pikapu ya Shamsi.

Walipokaribia pale ilipokutwa pikipiki, ukungu ulishuka barabarani, saa nne ya asubuhi. Shamsi akawasha taa na kupunguza mwendo, akaacha kuongea, na yeye si mtu wa kuacha kuongea. Swaumu alitazama nje. Miti ya kando ilikuwa imepotea, na kwa muda mfupi aliona hata barabara yenyewe imekuwa nyembamba, njia ya mtu mmoja mmoja, haina alama ya tairi. Alifumba macho akasoma alichojaliwa kusoma. Alipoyafumbua wameshaingia kijijini na jua linawaka.

Mzee alikuwa anaitwa Melkiadi, wa miaka themanini kamili kwa hesabu ya kanisani, na mkewe Immakulata alikuwa anaanika maharage uani. Waliwapokea vizuri.

"Mwakeye," alisema mzee. "Karibuni mkekani, baba. Karibu, mama. Nyinyi ni wa jambia."

"Ni wa jambia, mzee wangu," alisema Shamsi. "Tumekuja kwa heshima."

"Ego, ndiyo. Wote huja kwa heshima."

Immakulata alilileta kwenye ungo, limefungwa kitambaa cha gome la mti, akaliweka katikati ya mkeka. Halikupita mkono kwa mkono. Mzee alikaa kwenye kigoda, akaweka viganja juu ya magoti, akawatazama.

Shamsi alikuwa karibu kulichomoa, Swaumu akamzuia. Alilichukua likiwa bado ndani, akaigeuza ala kwenye mwanga. Ngozi ilikuwa imekauka na kukakamaa, mshono umeshonwa upya mara nyingi kwa uzi wa namna mbalimbali: hapa katani, hapa kano ya mnyama, hapa pamba iliyokwisha kuoza. Hakuna tapeli mwenye subira ya kushona mara nne. Alipochungulia mdomoni mwa ala aliona mfuo mwembamba ambao bapa lilijichimbia lenyewe, kuingia na kutoka, kwa miaka. Alinusa. Harufu ilikuwa ya moshi wa jikoni na samli, hakuna kingine.

Ndipo akachomoa bapa. Kutu ilikuwa nyeusi na imeshika. Alisugua kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikabaki cheupe. Makali yalikuwa yamenolewa mpaka bapa limepungua upana upande mmoja. Alama ya taji na namba zake zilikuwa zimelainika, hazikwaruzi kidole.

"Shemeji," Shamsi alinong'ona, macho yamemtoka, "miaka mingapi?"

"Karibu mia," alisema Swaumu. "Halijawahi kuja mikononi mwangu la kweli kama hili."

Akashika mpini. Mbao ilikuwa imelika mahali pamoja, shimo laini la kidole gumba, na kidole chake hakikukaa vizuri humo. Alihamishia jambia mkono wa kushoto, kidole kikaingia. Mwenye nalo alikuwa mashoto, kama Dadi. Swaumu akajikemea, maana mashoto ni wengi duniani.

Mzee Melkiadi alikuwa ameinama mbele.

"Mama, wewe umeanza na ala," alisema. "Wale wanne wote walichomoa bapa. Sasa utafanya nini?"

"Kwa ruhusa yako, mzee, ningependa kufungua mpini."

Immakulata aliacha maharage, akaja kusimama nyuma ya mumewe na kumshika bega. Mzee akasema, "Fungua."

Skrubu mbili zilikuwa zimegoma. Alitia mafuta tone kwa tone, akangoja, akajaribu tena, mpaka ya kwanza ikalia na kuzunguka. Ya pili ikafuata. Aliinua mbao ya kushoto kwa ukucha.

Chini yake kulikuwa na mistari mitatu ya tupa. Juu ya mistari, kipande kilichokunjwa mara mbili, rangi ya jani la tumbaku kavu, kimeganda na kutu. Alikibandua taratibu. Kona ilivunjika na kuwa unga. Ndani ya mkunjo, mahali ambapo mwanga haukufika, rangi nyekundu ilikuwa bado ipo, na namba za kukwangua, na maandishi madogo: shilingi mia tano, tumia kabla ya Desemba 2013.

Swaumu aliviweka vitu vyote mkekani.

"Ni la Dadi," alisema. "Ndilo lile aliloondoka nalo."

Shamsi alichukua kile kipande, akakigeuza, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Basi tumepona. Ni bandia! Shemeji, huoni? Dadi aliuza jambia, likafika hapa, huyu mzee akalifukiza moshi miaka miwili akatutegea. Tapeli kamkuta tapeli."

"Tazama kwenye chuma," alisema Swaumu.

Shamsi akatazama. Pale vocha ilipokuwa imelala, kutu ilikuwa imeota kuizunguka na kuacha umbo lake, pembe nne, lenye kina cha ukucha. Hakuna maji ya betri yanayofanya hivyo, wala moshi wa miaka miwili. Swaumu aliijua kazi ya Dadi na aliijua kazi ya wakati, na hapa alikuwa anaziona zote mbili kwenye chuma kimoja. Jambia lilitoka nyumbani kwake bandia. Mahali fulani njiani lilikuwa limekwenda kuzeeka kweli.

"Mzee," aliuliza, "nani aliwapa hili?"

"Mgeni," alisema Melkiadi. "Ila mimi nikisema, huyu baba atanicheka."

"Sicheki, mzee," alisema Shamsi, na kweli hakuwa anacheka tena.

"Ilikuwa vita ya Wabeligiji. Babu yangu alikuwa amejificha na watu wake, maana watu walikuwa wanakamatwa wabebe mizigo ya askari. Asubuhi ya ukungu akatokea mtu kwenye njia, peke yake, ana viatu vizuri na nguo zisizojulikana. Anauliza barabara. Babu akamwambia barabara gani? Anauliza pikipiki yake. Babu hakujua ni mnyama gani. Kiswahili alisema kingi, Kiha kidogo, lakini Kiha chake kilikuwa cha huku huku. Wakamficha naye. Jina lake Dadi."

Swaumu aliuma mtandio wake.

"Alikaa?"

"Alikaa mpaka kufa. Mimi nilimkuta mzee, nilikuwa na miaka sita alipokufa. Alinichongea ng'ombe wa mti kwa jambia hilo, kwa mkono wa kushoto." Mzee alionyesha kwa mkono wake mwenyewe. "Alikwenda Kasulu mara tatu kwa miguu, mama. Mara tatu. Kila akirudi anakaa hapo anasema, nimefika, ila mji bado haujafika. Mara ya tatu hakulia tena. Baba alimtafutia mke, akakataa. Akasema mke ninaye, hajazaliwa tu."

Immakulata alijifuta macho kwa pembe ya kitenge. Alikuwa ameolewa katika nyumba hiyo akiwa msichana, na maneno hayo aliyakuta humo humo, pamoja na vyungu.

"Alituachia agizo," aliendelea mzee. "Watakuja watu kutaka jambia. Msiwape. Atakuja mwanamke atakayeshika ala kwanza, na akimaliza ataomba kufungua mpini. Huyo mwonyesheni nilipo."

Alipo palikuwa nyuma ya migomba, mwendo wa dakika tano. Makaburi ya ukoo yalikuwa upande mmoja, yana misalaba ya saruji na ya mti. Moja lilikuwa limetengwa, limepangwa mawe pembeni, halina msalaba, limelazwa kuelekea upande wake lenyewe. Swaumu alisimama akatafuta jua, akahesabu upande wa kibla. Lilikuwa limelazwa sawasawa. Palikuwa pamepaliliwa, hakuna hata jani moja.

"Alituelekeza mwenyewe namna ya kumlaza," alisema Melkiadi. "Hapa hapakuwa na Mwislamu mwingine. Alimfundisha baba maneno ya kusema, baba akanifundisha mimi. Sisi tumebatizwa, padri hapendi, lakini kila mwaka tukipalilia tunayasema, tumuazime sauti."

Akavua kofia, akasoma Alhamdu kwa lafudhi ya Kiha, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuruka neno. Vituo vile, pale pa kuvuta pumzi na pale pa kukimbia, vilikuwa vya Dadi. Alivisikia kila alfajiri kwa miaka kumi na moja, ng'ambo ya ukuta wa chumbani.

Shamsi alimvuta pembeni.

"Nisikilize, shemeji yangu. Mimi nimekuja kununua kitu, sikuja kwa haya. Sema ni bandia, tuondoke. Ukisema ni bandia, basi Dadi aliliuza njiani, akapata nauli, yuko mahali. Ana miaka arobaini, ana nguvu zake. Siku moja atarudi, utamgombeza, yataisha. Lakini ukisema ni halisi..."

Swaumu alielewa vizuri sana. Kwa kazi yake alikuwa ameulizwa swali hilo mara mia na alilijibu bila kupepesa. Neno moja lingemwacha Dadi hai barabarani, na yeye mlangoni, akisimama kila pikipiki ikipunguza mwendo. Neno la pili lingemlaza hapa chini ya mawe haya kwa miaka sabini na minne, mzee wa watu, aliyetembea hadi Kasulu mara tatu kumtafuta mke ambaye hata mama yake hajazaliwa. Hata eda, akiifikiria, ilikuwa imekwisha kabla ya yeye kuletwa duniani. Alitaka kusema uongo. Alitaka kwa moyo wake wote, na ulikuwa uongo mdogo, wa biashara, wa aina ambayo nyumba yao iliwahi kula kwayo.

Akalitazama lile jambia mkononi mwa mzee, mbao imerudishwa mahali pake, shimo la kidole gumba likiwa juu. Hakuna mtu anayeweza kulighushi shimo lile. Lilichimbwa siku baada ya siku, na mtu aliyekuwa anangoja.

"Ni halisi," alisema.

"Shemeji..."

"Ni halisi, Shamsi. Dadi amekufa. Mimi ni mjane."

Aliketi chini penye udongo mwekundu, akaweka kiganja juu ya mawe, na kilio alichokizuia miaka miwili na nusu kikatoka chote, kwa sauti, bila aibu, akimwita mume wake kwa jina. Ng'ambo ya migomba majirani waliacha majembe na kusikiliza. Wengine wakaanza kuja, kwa sababu kilio cha namna ile kila mtu anakijua.

Melkiadi aliuliza taratibu kama kuna la kufanya. Immakulata alirudi nyumbani, akauchukua ule mkeka, akauleta na kuutandika kando ya kaburi, kisha akamshika Swaumu mkono na kumketisha juu yake. Mwanamke wa kwanza wa jirani alipofika na kuuliza kwa kunong'ona nani amefariki na lini, Immakulata alimpisha nafasi mkekani.

"Mume wake," alisema. "Leo."